Maji ya Kunywa: Sheria Moja, Mizigo Mingi

Watu wa upande huu wa Rodi Kopany huuliza maswali mawili juu ya maji, na maswali hayo huvutana. La kwanza ni hili: Kwa nini Serikali haiwalazimishi wauza maji wote wauze maji safi kabisa? La pili ni hili: Kwa nini bei ya maji haishushwi hata kila mtu aweze kuyanunua? Mara nyingi ni mtu yule yule anayeuliza yote mawili katika baraza moja, wala hakosei. Maji safi ni haki yake, na bei anayoiweza ni haki yake pia. Lakini anayeendesha mradi wa maji ana mfuko mmoja tu, na shilingi iliyokwisha kununua dizeli haiwezi kununua dawa.

Makala haya yanaeleza jinsi sheria ya maji ya kunywa inavyofanya kazi katika nchi yetu, mizigo inayomlemea mwenye mradi, na jinsi sheria inavyoweza kutengenezwa ili mzigo mmoja usiangushe mingine. Mkulima asidhani ya kuwa jambo hili ni la watu wa mjini. Wengi wanaochota maji bila kujua yamepimwa lini wanakaa mashambani.

MAJI YETU YATOKA WAPI

Kutoka Rodi Kopany penye njia panda, njia moja yateremka Homa Bay ziwani, nyingine yaenda Rongo, na nyingine yaelekea Ndhiwa hata Karungu. Watu wa njia hizo hawanywi maji ya mahali pamoja. Mjini Homa Bay maji huvutwa kwa mashine kutoka Ziwa Victoria, husafishwa, kisha husambazwa kwa mabomba na HOMAWASCO, kampuni ya maji ya Kaunti. Mashambani watu hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, visima vifupi vya mkono, chemchemi, vijito, silanga ambazo Wajaluo huziita yao, na maji ya mvua yanayokingwa kwenye paa la mabati.

Kila maji yana hatari yake. Yafaa tuzitaje moja moja, maana huko mbele tutaona ya kuwa sheria nzuri huanza kwa kujua hatari.

Maji ya silanga na ya kijito hatari yake ni vijidudu. Ng'ombe huingia humo, mvua huleta uchafu wa vyoo na malisho, na mtoto huchota pale pale. Maji ya ziwa yana vijidudu pia, na tena yana shida ya magugu-maji na ukungu wa kijani unaoota katika Ghuba ya Winam wakati mbolea na maji machafu yanapoteremka kutoka nchi kavu. Ukungu huo huziba machujio na huongeza gharama ya dawa. Maji ya kisima kirefu kwa kawaida hayana vijidudu vingi, lakini katika sehemu fulani za nchi yetu yana madini ya floridi kupita kiasi. Floridi ikizidi miligramu 1.5 katika lita moja, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Tena msomaji akumbuke sana: floridi haiondoki kwa kuchemsha maji. Ukichemsha, maji hupungua na floridi hubaki, ikawa kali zaidi.

Mwaka 1997 kipindupindu kilipozuka katika Nyanza, wachunguzi walitafuta sababu kijiji kwa kijiji. Waliona ya kuwa kunywa maji ya Ziwa Victoria au ya kijito kulihusiana na kupatwa na ugonjwa. Kwa hiyo sheria ya maji si karatasi za ofisini tu. Ikikosewa, watu hufa.

SHERIA ILIVYOFIKA HAPA

Zamani Serikali ilishughulika zaidi na wingi wa maji kuliko usafi wake. Sheria ya Maji iliyoanza kutumika mwaka 1952 iliyaweka maji ya mito na maziwa chini ya Serikali, ikaweka bodi ya kugawa ruhusa za kuyatumia. Mwaka 1974 Wizara ya Maendeleo ya Maji iliundwa, na shabaha ikawekwa ya kwamba kufika mwaka 2000 kila mtu awe na maji karibu naye. Mwaka 2000 ulifika, na akina mama wa sehemu nyingi walikuwa bado wanabeba debe kutoka mbali. Serikali ilijenga miradi mingi, lakini fedha za kuiendesha na kuitengeneza hazikutosha.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta mageuzi makubwa. Ilitenga kazi tatu ambazo kwanza zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja: kutunza maji mtoni na ardhini, kuuza maji kwa watu, na kumchunguza yule anayeuza. Kazi ya kuchunguza ilipewa Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, inayojulikana kwa herufi WASREB. Fundi anayejenga ukuta asiwe yeye mwenye kamba ya kuupima. Hilo lilikuwa jambo la busara.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na kazi ya kuwapatia watu maji ilikabidhiwa serikali za kaunti. Ili kufuatana na Katiba, Bunge lilitunga Sheria ya Maji ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika mwaka 2017. Katika sheria hiyo mkulima yampasa kujua mambo manne:

1. Maji ya matumizi ya nyumbani hutangulia matumizi mengine yote, hata umwagiliaji wa mashamba.

2. Anayevuta maji kwa mashine au kuchimba kisima kirefu lazima apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali.

3. Kijiji hakiwezi kunyimwa huduma ya maji kwa sababu tu hakuna faida ya biashara huko. Kaunti ndiyo yenye wajibu wa kutafuta njia, kama visima, miradi midogo ya mabomba na vioski, na kazi hiyo yaweza kuendeshwa na chama cha wanakijiji kwa mkataba na kaunti.

4. Bei ya maji ya kampuni yenye leseni haipandishwi hivi hivi. Lazima ikubaliwe na WASREB, na wananchi waitwe kutoa maoni yao kwanza.

MIZIGO MINNE YA MWENYE MRADI

Basi sheria ipo. Kwa nini basi maji ya vioski vingi hayapimwi, na miradi mingi husimama baada ya miaka michache? Sababu ni kwamba sheria humpa mwenye mradi mizigo minne kwa mara moja, na haimwambii ipi ashike kwanza fedha zinapopungua.

Mzigo wa kwanza ni usafi: kutia dawa, kuchuja na kupima. Wa pili ni bei: mnyonge naye apate maji. Wa tatu ni uzima wa mradi: mapato yatoshe kulipa umeme au dizeli, mshahara, na mashine mpya ile ya zamani ikifa. Wa nne ni kutunza chanzo: kijito kisikauke, kisima kisivutwe kupita nguvu zake.

Hakuna mzigo kati ya hiyo ulio mbaya. Lakini tazama jinsi inavyosukumana. Tuchukue mfano wa mradi mdogo. Hesabu hii ni ya kufundishia tu, bei za kwenu zaweza kuwa nyingine.

Kijiji kina nyumba 100, na kila nyumba watu 5. Kila mtu akipata lita 20 kwa siku, kijiji kinahitaji lita 10,000, yaani mitungi 500 ya lita 20. Kioski kikiuza mtungi kwa shilingi 3, mapato ya siku ni shilingi 1,500, na ya siku 30 ni shilingi 45,000. Gharama za mwezi ni hizi:

Umeme au dizeli: shilingi 18,000
Mwangalizi na mlinzi: shilingi 12,000
Akiba ya matengenezo: shilingi 10,000
Dawa ya klorini: shilingi 2,000
Kupima maji: shilingi 1,000
Jumla: shilingi 43,000

Mradi huu unajitosheleza na kubakiza shilingi 2,000. Sasa uchaguzi wa kamati unafika, na mgombea mmoja anaahidi kushusha bei iwe shilingi 2. Anashangiliwa na kuchaguliwa. Mapato ya mwezi yanakuwa shilingi 30,000. Pengo ni shilingi 13,000. Kamati itakata nini?

Haiwezi kukata dizeli, maana maji yatakoma siku hiyo hiyo. Haiwezi kukata mshahara, maana mwangalizi ataondoka na ufunguo. Itakata akiba shilingi 10,000, dawa shilingi 2,000, na kupima shilingi 1,000. Jumla ya hizo ni shilingi 13,000 kamili. Pengo limezibwa, maji yanatoka, watu wanafurahi. Mtungi wa shilingi 2 una sura ile ile ya mtungi wa shilingi 3. Hakuna atakayeona tofauti mpaka watoto waanze kuhara, au mpaka pampu iungue na kusiwe na shilingi ya kununua nyingine.

Hii ndiyo siri ya jambo lote. Mizigo inaposukumana, unaoanguka kwanza ni ule usioonekana. Bei huonekana kila siku. Bomba kavu huonekana. Lakini kijidudu hakionekani, na mashine inayochakaa haionekani. Kwa hiyo sheria ya maji ina kazi moja kubwa kuliko zote, nayo ni kulinda yale yasiyoonekana.

MAJI YANAYOPOTEA NJIANI

Kabla ya kupandisha bei, yafaa kutazama mabomba. Taarifa za WASREB za miaka ya karibuni zimeonyesha ya kuwa katika kila lita 100 zinazotengenezwa na makampuni ya maji ya nchi yetu, lita zaidi ya 40 hazilipiwi. Nyingine huvuja, nyingine huibwa, na nyingine hupita katika mita mbovu. Bodi yenyewe yataka zisizidi 25.

Turudi kwenye kijiji chetu cha mfano. Ikiwa lita 40 katika kila 100 hupotea, basi ili kuuza lita 10,000 lazima mashine ivute karibu lita 16,700. Upotevu ukipunguzwa ufike lita 20 katika kila 100, mashine itavuta lita 12,500 tu. Hiyo ni pungufu ya robo, na gharama ya dizeli itashuka kutoka shilingi 18,000 hadi shilingi 13,500. Jumla ya gharama sasa ni shilingi 38,500.

Sasa kamati inaweza kufanya jambo jema bila kuiba fedha za dawa. Wajane na wazee wa nyumba 14 wanaweza kuuziwa mitungi 70 kwa siku kwa shilingi 1 badala ya 3. Jambo hilo litapunguza mapato kwa shilingi 4,200 kwa mwezi. Mapato yatakuwa shilingi 40,800, na bado shilingi 2,300 zitabaki. Mnyonge amesaidiwa, dawa imetiwa, akiba imewekwa, na chanzo kimevutwa kidogo zaidi. Kuziba mabomba ni kazi moja inayopunguza mizigo yote minne. Ndiyo maana hesabu ya maji yanayopotea haifai kuachwa kuwa kazi ya hiari.

YALIYOWAPATA WENGINE

Shida hii si yetu peke yetu. Jirani zetu Tanzania walianza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mtu wa kijijini maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Serikali ilibeba gharama. Miradi ilijengwa kwa wingi, lakini mashine zilipoharibika hapakuwa na mfuko wa kuzitengeneza, na nyingi zikasimama. Sera ya maji ya mwaka 1991 ikawataka wanavijiji wachangie. Mwaka 2019 Tanzania ilitunga sheria mpya na kuunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, unaosimamia vyombo vya maji vya wanavijiji na kuwapa mafundi. Somo lao ni kwamba kijiji kisiachiwe mzigo wote peke yake, wala kisibebewe wote.

Marekani nao walijifunza kwa njia nyingine. Mwaka 1986 walibadili sheria yao ya maji ya kunywa, wakaiamuru idara ya Serikali iweke viwango vya vitu 83, kisha iongeze vitu 25 kila miaka mitatu. Miji midogo ililalamika ya kuwa fedha zote zinakwenda kupima vitu ambavyo havijaonekana kwao kamwe. Kisha katika mwaka 1993, huko Milwaukee, mji unaokunywa maji ya ziwa kama Homa Bay, kijidudu kimoja kilipenya machujio na watu wapatao 400,000 wakaugua. Maji hayo yalikuwa yamefuata viwango vya wakati ule. Mwaka 1996 sheria ikageuzwa. Amri ya vitu 25 ikafutwa, hatari iliyo kubwa ikatangulizwa, gharama ikapimwa pamoja na faida, vyanzo vikalindwa, na kila mji ukatakiwa kuwapa watu wake taarifa ya maji kila mwaka.

Lakini mtu asidhani ya kuwa kupima gharama maana yake ni kupunguza usafi. Katika mji wa Flint wa nchi hiyo hiyo, mwaka 2014, wakubwa waliacha maji ya Detroit wakachukua ya mto ili kuokoa fedha. Hawakutia dawa ya kuzuia maji yasile mabomba. Risasi ya mabomba ya zamani ikaingia katika maji ya watoto. Wananchi walilalamika juu ya rangi na harufu, na kwa miezi mingi waliambiwa maji ni mazuri. Mwaka 2015 mji ulirudi kwenye maji ya Detroit, lakini madhara yalikwisha kufanyika. Kilichookolewa katika bei ya maji kilikuwa kidogo sana kando ya kilichopotea.

Tukiweka habari hizo pamoja twapata njia ya katikati. Sheria isiyochagua hatari huchosha na haikingi. Sheria inayoruhusu fedha kushinda usafi huua. Inayofaa ni sheria inayosema wazi ni kitu gani hakiuziki kwa bei yo yote, na kitu gani chaweza kungoja.

SHERIA ITENGENEZWE NAMNA GANI

Watu wengine husema dawa ni kuwa mkali: kioski kisichotimiza kila kiwango kifungwe. Fikiri kidogo. Kioski kikifungwa leo, je, watu wataacha kunywa? La. Kesho asubuhi watakwenda silangani. Afisa atakuwa ameandika ya kuwa maji mabaya yamezuiwa, kumbe watu wamehamishwa kutoka maji yenye mashaka kwenda maji mabaya kabisa. Wengine husema tuwaache wanavijiji wajiendeshee wenyewe bila kusumbuliwa. Hao nao wasahau ile hesabu ya shilingi 13,000. Kamati isiyoulizwa hukata dawa kwanza.

Kati ya njia hizo mbili, mambo matano yangefaa kuingizwa katika kanuni na katika mikataba ya kaunti na miradi midogo.

Kwanza, kiwango cha vijidudu kiwe kimoja kwa tajiri na maskini, kwa mji na kijiji. Maji ya kunywa yasiwe na kijidudu cha kinyesi hata kimoja katika mililita 100. Hapa pasiwe na mapatano.

Pili, vipimo vifuate hatari ya chanzo. Kisima kirefu kipimwe floridi kabla hakijafunguliwa, na kirudiwe baada ya muda mrefu, maana mawe ya chini hayabadiliki kwa juma moja. Maji ya silanga na ya ziwa yapimwe vijidudu mara kwa mara, hasa mvua za Machi zinapoanza kusukuma uchafu. Klorini iliyobaki katika maji ya kioski ipimwe kila siku kwa kichupa na vidonge, kazi ambayo mwangalizi aweza kuifundishwa kwa asubuhi moja. Shirika la Afya Duniani limeshauri njia hii ya kuchungua hatari za kila mradi tangu mwaka 2004. Kwa njia hii mradi mdogo hautumii fedha zake kutafuta kisichokuwapo.

Tatu, fedha za dawa na kupima zitengwe kabla ya nyingine. Ziwe na daftari lake na akaunti yake, na kamati isiweze kuzigusa kwa kushusha bei. Sheria ya 2016 yataka mapato ya huduma za maji yatumike kwa maji. Tuendelee hatua moja, tuseme sehemu gani itangulie.

Nne, mradi mdogo upewe ngazi ya kupanda, wala usipewe ukuta wa kuruka. Katika miezi ya kwanza utie dawa na kuandika. Kisha uweke mita na kuhesabu maji yanayopotea. Kisha uunganishwe na kampuni ya kaunti kwa mafundi na vipimo. Kila ngazi iwe na tarehe. Anayepanda asaidiwe. Anayekataa kupanda aondolewe kwenye uendeshaji, lakini bomba lisifungwe. Kaunti iweke mwendeshaji mwingine.

Tano, majibu ya vipimo yabandikwe kwenye kioski, katika ofisi ya chifu na katika zahanati, kwa lugha ambayo watu huisoma. Watu wa Flint walidhurika zaidi kwa sababu hawakuambiwa kweli mapema. Karatasi moja ukutani yaweza kufanya kazi ya wakaguzi kumi.

Mtu aweza kuuliza: Je, kumpimia mtu wa kijijini mara chache si kumdharau? Jibu ni kwamba hadharauliwi ikiwa kiwango cha vijidudu hakikushuka. Anadharauliwa pale anapoandikiwa vipimo mia katika kitabu na hafanyiwi hata kimoja.

MAJI YA KUNYWA NA MAJI YA SHAMBA

Hapa mkulima ajitazame mwenyewe. Katika kiangazi cha Januari na Februari sukuma na nyanya huleta bei nzuri sokoni, na pampu ndogo za petroli husikika kando ya vijito. Pampu tatu zaweza kukausha kijito kidogo kabla hakijafika kwa watu wa chini. Sheria imekwisha kukata shauri: maji ya nyumbani hutangulia. Lakini shauri hilo halitekelezwi na polisi. Hutekelezwa na majirani. Jiungeni na chama cha watumiaji wa maji cha kijito chenu, mpeane zamu, mvute maji usiku na kuyaweka katika bwawa la karatasi ngumu, na mtie majani makavu juu ya udongo ili maji kidogo yatoshe. Mkulima mwenye kibali na zamu anayo haki ya kudai akidhulumiwa. Asiye na kibali hana pa kusimama.

Tena mkulima ndiye mwenye chanzo. Dawa ya josho na ya kunyunyizia mimea, mbolea iliyozidi, mifugo na udongo unaochukuliwa na mvua, vyote huteremka kwa jirani na mwisho ziwani. Kila kikapu cha udongo kinachozuiwa na mtaro au ukanda wa majani hupunguza gharama ya dawa huko Homa Bay.

MAMBO YA KUFANYA SASA

Sheria huchelewa, na mtoto anakunywa leo. Fanyeni haya mkingoja:

1. Zungushieni silanga ua. Ng'ombe wanyweshwe katika hori lililo chini ya ukuta, wasiingie ndani.

2. Choo kisiwe karibu na kisima kupungua mita 30, wala kisiwe upande wa juu wa mteremko.

3. Chujeni maji yenye tope kwa kitambaa safi kabla ya kutia klorini, kwa sababu tope hula dawa. Fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha ngojeni dakika 30 kabla ya kunywa. Asiye na klorini achemshe.

4. Kingeni mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 25 ikinyesha, hutoa lita 1,000. Ondoeni moja ya tano kwa kumwagika, mnabaki na lita 800, yaani mitungi 40.

5. Kisima kipya kikichimbwa na mfadhili au mwanasiasa, ulizeni maswali matatu kabla ya kupiga makofi: Kibali kiko wapi? Majibu ya floridi ni nini? Nani atakayelipa pampu itakapokufa?

6. Mkiitwa kutoa maoni juu ya bei ya maji, nendeni. Msiulize bei tu. Ulizeni maji mangapi yanapotea, na shilingi ngapi zimetengwa kwa dawa.

Katika swali la sita ndipo mwananchi anapoanza kuwa mkaguzi. Bodi iko Nairobi, na haiwezi kuonja kila mtungi wa Rodi Kopany. Lakini mama anayechota kila asubuhi aweza kuuliza ni lini maji haya yalipimwa mara ya mwisho, na kungoja ajibiwe. Mwuza maji anayejua ya kuwa ataulizwa kesho, leo hatathubutu kuikata dawa.